UZI: Kuangalia pomboo na nyangumi kwa boti, Watamu hadi Kizimkazi. Msimu, boti, na namna ya kuwakaribia

#1 Mlango_wa_Wasini

Wakuu, salaam.

Kusi, upepo wa kusini mashariki, limeshika na nyangumi wako njiani. Kila mwaka maswali ni yale yale: niende lini, boti gani, na mbona wengine hurudi wameona migongo tu ikikimbia. Nafungua uzi huu tuyaweke mahali pamoja. Manahodha na waongozaji mlioko humu, ongezeni na mrekebishe.

Pomboo tunao mwaka mzima. Kisite, Watamu, Mnemba, Menai Bay ya Unguja, kote huko kuna makundi ya wenyeji, na mwezi wowote bahari ikilala utawaona. Nyangumi ni wapita njia. Wale wenye nundu (Megaptera novaeangliae) hula kwenye bahari ya baridi ya Antaktiki, kisha hupanda kuja kupandana na kuzaa katika maji ya joto ya Msumbiji, Madagaska, Tanzania na Kenya. Upande mmoja wa safari hiyo unazidi kilomita 5,000. Kwetu huanza kuonekana mwisho wa Juni au Julai, Agosti na Septemba ndiyo miezi yenyewe, na kufikia Oktoba wengi wameshageuza. Wanaochelewa kuondoka ni mama wenye ndama.

Ugumu uko hapo: miezi ya nyangumi ndiyo miezi ya kusi. Bahari ya nje ya mwamba inachafuka, na upepo huzidi kadiri jua linavyopanda. Kwa hiyo toka mapema, saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu asubuhi boti iwe imeshaondoka. Mawimbi yakianza kuvunja povu jeupe kila upande, kumtafuta pomboo kunakuwa kazi bure, kwa sababu pezi la mgongo na povu vinafanana ukiwa mbali. Mvuke wa pumzi ya nyangumi bado unaweza kuuona, maana hupanda mita 3 hivi, lakini abiria watakuwa wameshalowa na nusu yao wanatapika.

Angalieni pia maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji yakitoka yanatoka kweli. Boti zinabaki kwenye mchanga na watu wanatembea mbali kuzifuata, na milango mingine ya mwamba haipitiki salama. Kabla ya kupanga saa ya kutoka, muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi na yanatoka saa ngapi. Asiyeweza kukujibu papo hapo, tafuta mwingine.

#2 Shungi_la_Tumbatu

Ahsante kwa uzi. Mie naongeza aina, kwa sababu wageni wengi wanaambiwa "pomboo" tu na hawajui wametazama nini.

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wako wa aina mbili. Yule wa kijivu mwenye pua fupi nene (Tursiops aduncus), anayefika mita 2 na nusu hivi, ndiye boti zote zinamfuata. Wa pili ni pomboo nundu (Sousa plumbea): pezi lake limekaa juu ya kibyongo kirefu mgongoni, na akipumua hutoa kwanza mdomo mrefu nje ya maji. Huyu ni mwoga, anakaa maji mafupi karibu na pwani, na ameorodheshwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, kuwa hatarini kutoweka. Ukimwona, usimsogelee. Mtazame alipo.

Nje zaidi, Mnemba na Watamu, kuna pomboo mzungukaji (Stenella longirostris), mwembamba, anayejirusha hewani akizunguka kama pia. Hao huwinda usiku kwenye kina kirefu na mchana hupumzika. Kwa hiyo kundi la asubuhi lililobanana, linalokwenda polepole, linalopumua kwa pamoja na halirukiruki, limelala. Pomboo hulala nusu ya ubongo ikiwa macho, ndiyo maana wanaendelea kuogelea. Nahodha asiyejua hili huona "wamepoa" akawapelekea kasi ili wachangamke. Wanachangamka kweli, ila usingizi wao ndio umekwisha kwa siku hiyo.

#3 Mgeni_Dodoma

Wakuu, naomba kuuliza. Mafia wanasema kuna nyangumi ambao unaogelea nao. Ndio hao hao?

#4 Kilindoni_Bandarini

Hapana ndugu. Wa Mafia ni papa potwe, naye ni samaki, anapumua kwa matamvua. Msimu wake ni Oktoba hadi Machi, wakati nyangumi wameshaondoka. Ukitaka kuwatofautisha haraka tazama mkia: wa papa umesimama wima na unapiga kulia na kushoto, wa nyangumi na pomboo umelala na unapiga juu na chini. Na papa potwe hatoi mvuke.

Usilipie safari ya Agosti ukiahidiwa papa potwe, wala ya Januari ukiahidiwa nyangumi mwenye nundu.

#5 Mlango_wa_Wasini

Sasa jambo lenyewe, kukaribia. Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika, na nitaandika kwa urefu.

Chukueni vipimo vya Australia, ambavyo ni wazi na vinafanya kazi kokote: boti isiingie ndani ya mita 100 za nyangumi wala mita 50 za pomboo. Kuna eneo la tahadhari linaloanza mita 300 kwa nyangumi na mita 150 kwa pomboo, ambamo mwendo ni chini ya noti 6 (kilomita 11 kwa saa hivi) na boti zisizidi tatu kwa pamoja. Nyangumi akiwa na ndama, mita 300 ndiyo mwisho wa kusogea. Kukadiria umbali baharini ni kugumu, kwa hiyo tumieni urefu wa chombo chenu. Boti ya mita 8 ikipangwa mara kumi na mbili na nusu ndiyo mita 100.

Hatua zenyewe:

Ukiona mvuke au pezi, usigeuze omo (mbele ya boti) kuelekea hapo. Legeza mafuta kwanza, subiri watoke mara mbili au tatu, ujue wanaelekea wapi na wanakaa chini kwa muda gani. Nyangumi mkubwa kwa kawaida huzama dakika 5 hadi 15. Akiinua mkia wote hewani amekwenda chini sana, na hapo subira inahitajika.

Kisha njoo kwa ubavu, ukienda sambamba nao, nyuma kidogo ya mabega yao. Usiwajie kwa mbele, maana unawakatia njia. Wala usiwajie moja kwa moja kwa nyuma, wataona wanawindwa. Mwendo wako uwe sawa na wa yule aliye nyuma kabisa katika kundi.

Ukifika umbali wako, rudisha mafuta taratibu hadi ya chini, halafu weka nyutro. Usirudi rivasi isipokuwa kwa hatari, kwa sababu propela ikizunguka kinyume hutengeneza mapovu na kelele kubwa kuliko ya kwenda mbele. Injini iache inanguruma chini chini. Sauti husafiri majini kwa mita 1,500 kwa sekunde, na mnyama huyu anaishi kwa kusikia. Akikusikia anajua uliko. Boti iliyozima kabisa akiwa chini inaweza kumshtua anapotoka.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii: ukiweka nyutro wakati wa kusi, chombo hakisimami. Upepo unakusukuma kaskazini magharibi, na mkondo wa pwani yetu nao unakwenda kaskazini. Ukisimama goshini mwa mnyama, yaani upande upepo unakotokea, utamwangukia bila kutaka, kisha utalazimika kuwasha gia karibu naye. Simama upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, ambao kwetu ni upande wa nchi kavu, ili chombo kikichukuliwa kiende mbali naye. Faida yake ya pili ni kwamba bahari yote ya nje inabaki wazi kwa mnyama. Kumbana kati ya boti na mwamba, au kati ya boti mbili, ndilo kosa baya kuliko yote.

#6 Baharia_Mtwapa

Mkuu hapo kwenye nyutro umesema kweli, lakini ongeza kwamba chombo kikilegea kinageuka ubavu kwa mawimbi. Boti nyembamba ikiwa ubavu, halafu abiria wote wakahamia upande mmoja kwa sababu nyangumi ameruka, inalala. Nahodha apange watu kabla ya kutoka: kila mtu na kiti chake, anayetaka kusimama ashike kitu, na mnyama akiwa upande wa kulia, wa kushoto wabaki walipo. Baada ya dakika chache nahodha anageuza chombo polepole ili upande wa pili nao uone. Bahari ikiwa nzito zaidi, weka gia ya mbele kwa mafuta madogo kabisa na omo ikabili mawimbi.

Jambo jingine ni mielekeo. Waongozaji wanafundishwa kuita kwa saa, omo ikiwa kwenye kumi na mbili ya uso wa saa, "saa tatu!", na nusu ya boti inatazama kulia, nusu nyingine inatazama kushoto, kwa sababu saa tatu yetu mshale uko kwenye tisa. Iteni kwa omo, tezi (nyuma ya chombo), kulia, kushoto, halafu umbali. "Kulia, karibu na omo, mita mia mbili."

#7 Mama_Chwaka

Naomba mnieleze kitu. Kwa nini mama na ndama wawekewe umbali mkubwa hivyo? Ndama mbona ndiye anayesogelea boti mwenyewe?

#8 Shungi_la_Tumbatu

Dada, swali zuri, na jibu lake lingefaa kubandikwa kila bandari.

Nyangumi mama hali chakula chochote huku, au ni kidogo mno. Chakula chake ni vijidudu mfano wa kamba wadogo walio katika maji ya baridi, na maji yetu ya joto hayana wa kumtosha. Amekuja na mafuta aliyojiwekea mwilini. Kwa mafuta hayo amebeba mimba ya miezi 11 hivi, anamzaa mtoto wa mita 4 na karibu tani moja, anamnyonyesha maziwa mazito ajabu, na bado ana kilomita zaidi ya 5,000 za kurudi ndipo ale. Kila boti inayomkimbiza inakula katika akiba hiyo, na akiba ikipungua maziwa hupungua. Ndama asiyenenepa vya kutosha hana blanketi la mafuta la kumkinga na baridi ya kusini.

Tena ndama hawezi kukaa chini kama mama. Anatoka kila baada ya dakika chache. Mama akizama kukwepa boti, mtoto anabaki juu peke yake kati ya mapropela. Kweli ndama ni mdadisi na atakuja. Akija mwenyewe, weka nyutro, usimfuate anapoondoka, na usikae katikati yake na mama hata kwa dakika moja.

Kwa pomboo mambo ni hayo hayo kwa kipimo chao. Utafiti uliofanywa Kizimkazi umeonyesha kwamba boti za watalii zikiwepo, pomboo huongeza kusafiri na hupunguza kupumzika, kula na kuchezeana. Na wale ni wenyeji, hawana kwingine pa kwenda. Boti zinazotoka asubuhi zinawakuta pomboo hao hao, kila siku, mwaka mzima.

#9 Kijana_wa_Dimbani

Mimi sipingi hayo, lakini semeni ukweli wa biashara. Mgeni ametoka Nungwi alfajiri, ameambiwa hotelini "swim with dolphins", amelipa huko huko. Nahodha anapata sehemu ndogo tu. Nisipomdondosha majini mbele ya pomboo, ananiandika vibaya mtandaoni na hoteli inampa mwingine kazi. Mnataka tufanyeje?

#10 Mlango_wa_Wasini

Ndugu, hoja yako ni ya kweli na hainishangazi. Anayeahidi ni wa hotelini, anayelaumiwa ni wewe. Lakini tazama kazi yenyewe inavyokwenda. Boti inawapita pomboo kwa kasi, inakata mbele, watu sita wanaruka na mapezi ya mpira, wanapiga maji. Pomboo anaweza kuogelea zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Anapita chini yao kwa sekunde tatu, watu wanapandishwa kwa ngazi, mbio zinaanza tena. Baada ya mara tano mgeni amechoka, amekunywa maji ya chumvi, ameona mkia. Huyo ndiye anayeandika vibaya.

Linalowezekana ni kuigawa safari. Saa ya kwanza ni ya kutazama, watu wote ndani ya boti. Kisha unawapeleka kwenye matumbawe, na huko wanaogelea wapendavyo na samaki hawakimbii. Mweleze mgeni mpango huu mkiwa pwani, kabla hajavaa miwani ya kuzamia: dakika ngapi za pomboo, kwa nini hatutaruka, wapi tutaogelea. Aliyeelezwa mapema halalamiki. Anayekasirika ni yule anayeambiwa "hapana" akiwa ameshakaa ukingoni.

Na kuna zawadi kwa anayesubiri. Pomboo wa kundi lisilokimbizwa huja wenyewe kuogelea mbele ya omo. Wakija, shika mwendo na mwelekeo ule ule, usigeuze, usiongeze, usipunguze ghafla. Wakichoka wataondoka, nawe uwaache.

#11 Shungi_la_Tumbatu

Nami namwambia kijana wa Dimbani: mkubaliane nyinyi kwa nyinyi, kwa sababu nahodha mmoja akisubiri na tisa wakikimbiza, anayesubiri ndiye anapata hasara. Zamu ndiyo dawa. Boti ya kwanza inakaa dakika 20 hadi 30 kisha inaondoka, mbili zinaweza kuwa karibu upande mmoja, zilizobaki zinangoja nje ya mita 300. Simu au redio zinatosha kupanga. Kabla ya utalii huu kuanza miaka ya 1990, pomboo wa Kizimkazi walivuliwa na nyama yao kuwa chambo cha papa. Leo wanalisha kijiji wakiwa hai, na ndio mtaji wenyewe.

Dalili kwamba wamechoka nanyi: wanapiga maji kwa mkia mara kwa mara, wanabadili mwelekeo kila wanapotoka, wanakaa chini muda mrefu kuliko mwanzo, wanajikusanya na kuweka watoto katikati. Mkiona mojawapo, ondokeni hata kama dakika hazijaisha.

#12 Mgeni_Dodoma

Nashukuru sana. Sasa mimi abiria nikague nini kwenye boti kabla ya kulipa? Na kichefuchefu?

#13 Baharia_Mtwapa

Jaketi za kuokolea maisha, moja kwa kila kichwa na za watoto ziwe za saizi yao. Livae kabisa, buckle zifungwe uone kama hazijavunjika. Zinazowekwa chini ya kiti zimefungwa kwa kamba hazina maana.

Injini: mbili, au moja na ndogo ya akiba inayowaka. Mwambie nahodha aiwashe mbele yako. Mafuta yawe mara tatu ya yale ya kwendea: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Nje ya mwamba lazima kuwe na redio ya VHF, chaneli 16, kwani simu hupoteza mtandao. Nanga yenye kamba ndefu, upo wa kukumba ngama (maji yanayoingia chomboni), kasia, maji ya kunywa, na kamba ya kuzimia injini nahodha akianguka. Mjulisheni mtu wa nchi kavu saa mtakayorudi.

Kisite na Watamu ni hifadhi, kwa hiyo kuna kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na malipo hufanywa kwa mtandao wa serikali. Mtu akikuomba taslimu "akulipie", usimpe.

Kichefuchefu: kula kidogo, mkate au ndizi, usitoke na tumbo tupu wala na chapati za mafuta. Dawa ya dimenhidrinati imezwe angalau nusu saa kabla, sinarizini saa mbili kabla, na ukisubiri mpaka kichwa kizunguke umechelewa. Zote huleta usingizi. Mjamzito au mwenye dawa nyingine amwulize mfamasia. Kaa katikati kuelekea tezi, ambako chombo hakirushwi sana, lakini usikae mahali moshi wa injini unapokupiga. Tazama upeo wa bahari. Kutazama simu ndiko kunakowaangusha wengi.

#14 Lenzi_ya_Pwani

Kwa wanaopiga picha: lenzi ya milimita 70 hadi 300 inatosha, kasi ya shata 1/1000 au zaidi, fokasi ya kufuata, picha mfululizo. Jua liwe mgongoni mwako. Picha yenye thamani kuliko ya kuruka ni ya chini ya mkia nyangumi anapozama, kwa sababu madoa meupe na meusi ya pale hayafanani kwa nyangumi wawili. Kwa pomboo, piga pezi la mgongo kwa ubavu kabisa, makovu ya ukingo wa nyuma yaonekane. Andika tarehe, saa na mahali, kisha itume Happywhale, tovuti inayotambua nyangumi kwa picha, au kwa watafiti wa Watamu na Unguja. Nyangumi mmoja akilinganishwa picha za nchi mbili, njia yake inajulikana.

Droni msipeleke bila kibali.

#15 Mvuvi_wa_Vanga

Mmeandika ya boti za injini. Sisi wa ngalawa na tanga je? Na nyangumi akinasa kwenye jarife, yaani wavu wetu mkubwa?

#16 Mlango_wa_Wasini

Chombo cha tanga hakina sauti, kwa hiyo nyangumi anaweza asijue upo. Ukiona mvuke mbele, badili njia mapema, na gonga ubavu wa chombo kwa kasia, polepole na mfululizo, mpaka umpite. Usiku ukisikia pumzi nzito karibu, fanya hivyo hivyo na upunguze tanga. Ukiona juu ya maji doa pana laini lisilo na viwimbi, hapo mkia umepiga chini punde tu. Usipite juu yake.

Akinasa kwenye jarife, usiruke majini hata kama ametulia. Mkia wa mnyama wa tani 30 unaua, na watu wamekufa hivyo katika nchi nyingine wakijaribu kusaidia. Usikate kamba inayoning'inia na maboya yake, kwani ndiyo wanayoshika waokoaji waliofunzwa. Ukiikata anaondoka na wavu uliobana mwilini na hakuna wa kumpata tena. Kaa mbali mita 100, andika mahali kwa GPS ya simu, anaelekea wapi, rangi ya maboya, kamba imemshika wapi, kisha piga simu KWS au afisa wa uvuvi, na ukiweza mfuate kwa mbali mpaka chombo kingine kifike.

Pomboo mdogo akinasa mbele yako na yuko ubavuni mwa chombo, mwinue tundu la pumzi liwe juu ya maji kwanza, halafu ndipo ukate nyuzi, ukianzia kichwani. Usimvute kwa mkia.